Kura ya wachache si shamba la urithi: Funzo la mchujo wa Marekani wa mwaka 2008

  

Ndugu Waislamu, katika siasa za nchi nyingi iko kauli ambayo haitamkwi hadharani lakini hutumika kila siku, nayo ni kwamba wachache hawana pa kwenda. Wakubwa wa chama hulihesabu kundi fulani la raia kuwa ni lao tangu kabla ya kampeni kuanza. Humzuru mzee wao mmoja, huvaa kofia yao mbele ya wapiga picha, hula nao chakula cha Idi, kisha huenda zao kuwabembeleza wengine wanaodhaniwa kuwa ndio wenye kuamua. Watu waliohesabiwa hivyo huwa mfano wa shamba la urithi: mwenyewe halilimi wala halipalilii, lakini msimu wa mavuno haachi kuja na makapu.

Leo, kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, twapenda kutazama jinsi kundi moja la wachache lilivyoivuruga hesabu ya namna hiyo katika nchi kubwa ya Marekani. Kundi hilo ni watu weusi wa chama cha Democratic katika mchujo wa urais wa mwaka 2008, uliowakutanisha Seneta Hillary Clinton na Seneta Barack Obama. Miaka mingi imepita, na mengi yaliyosemwa wakati ule yamesahauliwa. Lililobaki vichwani mwa watu wengi ni usemi mwepesi kwamba weusi walimchagua mweusi mwenzao, basi. Mwenye kuzirejea tarehe na hesabu ataona kwamba usemi huo una upungufu mkubwa, na kwamba ukweli wake una faida kwetu sisi Waislamu, ambao katika nchi nyingi tumo katika hesabu ya wachache.

Jinsi mchujo unavyokwenda

Kabla ya uchaguzi mkuu wa Novemba, vyama vikubwa viwili vya Marekani huteua wagombea wao kwa mchujo unaofanyika jimbo baada ya jimbo tangu mwanzo wa mwaka hadi Juni. Ni mfano wa kura za maoni tunazozijua katika vyama vyetu, ila huko wapigao kura ni wananchi wa kawaida kwa mamilioni. Katika chama cha Democratic, wajumbe wa mkutano mkuu hugawanywa kwa kadiri ya kura alizopata kila mgombea, kwa hiyo mwenye kushinda jimbo kwa tofauti ndogo hapati faida kubwa, na mwenye kushinda kwa tofauti kubwa huvuna wajumbe wengi. Zaidi ya hao, mwaka 2008 walikuwapo wajumbe karibu 800 ambao ni wabunge, magavana na wakubwa wa chama, waliokuwa huru kumuunga mkono wamtakaye bila kufungwa na kura za wananchi.

Yafaa tuuzingatie utaratibu huu, kwa kuwa ndani yake ndimo ulimokuwa uzito wa watu weusi. Katika taifa zima wao ni kama mtu mmoja kati ya wanane, lakini katika chama cha Democratic, hususan katika majimbo ya kusini, wao ni wengi mno. Katika jimbo la South Carolina walikuwa zaidi ya nusu ya wapiga kura wa mchujo wa chama hicho. Kundi lililo dogo katika taifa laweza kuwa kubwa ndani ya chama, na yeyote anayeutaka uteuzi hana budi kupita mlangoni pake.

Walikuwa upande wa Bibi Clinton

Bibi Clinton alijitosa kinyang'anyironi Januari 2007, na Bwana Obama akatangaza rasmi mnamo tarehe 10 Februari mwaka huo. Lau kama rangi ya ngozi ingekuwa ndiyo hoja pekee, mambo yangekwisha siku hiyo hiyo. Lakini sivyo yalivyokuwa. Ni kweli kwamba alipotangaza, baadhi ya watu weusi walimwelekea, kisha upepo ukageuka tena. Uchunguzi wa maoni wa shirika la habari la CNN wa Oktoba 2007 ulionyesha kuwa miongoni mwa weusi wa chama cha Democratic, Bibi Clinton alikuwa na asilimia 57, na Bwana Obama asilimia 33. Yaani miezi mitatu tu kabla ya kura ya kwanza, mgombea mweusi alikuwa nyuma kwa asilimia 24 miongoni mwa weusi wenziwe.

Sababu zilikuwa wazi. Kwanza, watu wale walimjua Bibi Clinton na mumewe, Bwana Bill Clinton, aliyetawala kuanzia mwaka 1993 hadi 2001. Walikuwa wamewaona makanisani mwao na katika misiba yao, na wengi waliikumbuka miaka ile kuwa ni miaka ya ajira. Pili, viongozi wao wengi, wakiwamo wabunge wazee wenye sifa za mapambano, walikuwa wamekwisha kumuunga mkono.

Tatu, Bwana Obama alikuwa mgeni kwao. Babake alikuwa Mkenya kutoka Kogelo, Siaya, na mamake mzungu mwenye asili ya Kansas. Yeye mwenyewe alizaliwa Hawaii, na sehemu ya utoto wake aliishi Indonesia. Historia ya utumwa haikuwa historia ya ukoo wake kama ilivyokuwa kwa mkewe, Bibi Michelle, ambaye wazee wake walikuwa watumwa huko huko South Carolina.

Nne, na hii ndiyo sababu nzito kuliko zote, walikuwa na khofu. Wengi waliamini kwamba wazungu hawatamchagua mtu mweusi hata wakisema watamchagua, na kwa hiyo kura ya kumpa yeye ni kura ya kutupwa. Wengine waliogopa lililo baya zaidi, kwamba atauawa. Watu walioshuhudia Malcolm X, yaani Al-Hajj Malik El-Shabazz, akipigwa risasi Februari 1965, na Martin Luther King akiuawa Aprili 1968, hawakuhitaji kuelezwa lolote kuhusu khofu hiyo. Ilikuwa kubwa kiasi kwamba Novemba 2007, mjini Orangeburg, Bibi Michelle alilazimika kusimama mbele ya watu na kuizungumzia waziwazi, akiwasihi wasiiache khofu iwaamulie.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo panapohitaji uangalifu. Subira ya watu wale haikuwa ujinga wala utumwa wa akili, bali ilikuwa hesabu ya mtu aliyeibiwa mara nyingi. Haki yao ya kupiga kura huko kusini ililindwa barabara kwa sheria ya mwaka 1965 tu, baada ya damu kumwagika. Mtu aliyeipata kura yake kwa namna hiyo haitupi ovyo.

Usiku wa Iowa

Tarehe 3 Januari 2008 wananchi wa Iowa walikutana jioni, katika baridi kali, kwenye mashule, makanisa na kumbi za vijiji, ili kuteua. Wakati ule Iowa lilikuwa jimbo ambalo zaidi ya watu tisa katika kila kumi walikuwa wazungu. Matokeo yalipotoka, Bwana Obama alikuwa wa kwanza kwa zaidi ya asilimia 37, Seneta wa zamani John Edwards akawa wa pili, na Bibi Clinton wa tatu, hao wawili wakipata kila mmoja kiasi cha asilimia 29.

Kwa watu weusi waliokuwa wakitazama televisheni usiku ule huko kusini, jambo moja lilibadilika. Hawakuambiwa na mtu kwamba wazungu wanaweza kumchagua mtu mweusi, bali waliliona kwa macho yao. Siku tano baadaye Bibi Clinton alishinda New Hampshire, lakini ushahidi ulikuwa umekwisha kutolewa. Katikati ya Januari, uchunguzi wa CNN ulimpa Bwana Obama asilimia 59 miongoni mwa weusi wa chama hicho, na Bibi Clinton asilimia 31. Pengo la asilimia 24 upande mmoja lilikuwa limegeuka kuwa pengo la asilimia 28 upande wa pili, katika muda wa takriban miezi mitatu.

Kisha likaongezeka jambo la pili, nalo ni ndimi. Katika kipindi hicho hicho Bibi Clinton alitoa kauli kuhusu Martin Luther King na Rais Lyndon Johnson iliyofahamika kwa wengi kuwa inamtukuza rais aliyetia saini na kumpunguza aliyepigania. Mumewe naye akauita msimamo wa Bwana Obama juu ya vita vya Iraq kuwa ni hadithi ya kubuni. Mambo haya yawezekana hayakukusudiwa kuwa matusi, lakini aliyezoea kuhesabiwa kuwa mali ya mtu huwa na sikio jepesi. Waswahili husema ulimi hauna mfupa, nao ulimi wa kampeni ndio mwepesi zaidi.

South Carolina

Kazi iliyofanyika South Carolina yafaa kutajwa, kwa sababu haikuwa ya hotuba tu. Vijana wa Bwana Obama hawakwenda kwa wazee peke yao wala hawakutoa bahasha kwa wenye majina. Waliingia saluni za kina mama na vibanda vya vinyozi, mahali watu wakaapo kwa saa nyingi na kusemezana, wakajadiliana nao mmoja mmoja.

Tarehe 26 Januari zaidi ya watu 530,000 walipiga kura, ilhali mwaka 2004 hawakufika 300,000. Bwana Obama alipata asilimia 55, na Bibi Clinton asilimia 26 na ushei. Miongoni mwa weusi, takriban wanane kati ya kila kumi walimpa kura Bwana Obama. Siku hiyo hiyo Bwana Bill Clinton aliwakumbusha waandishi wa habari kwamba Mchungaji Jesse Jackson naye aliwahi kushinda jimbo lile mwaka 1984 na 1988. Waliomsikia walifahamu maana yake, kuwa huu ni ushindi wa weusi tu na hauhesabiwi. Maneno hayo yalimaliza lililobaki.

Tangu hapo, kila palipokuwa na watu weusi wengi, pengo lilikuwa kubwa: Georgia, Louisiana, Virginia, Maryland, Mississippi na North Carolina. Kwa kuwa wajumbe hugawanywa kwa kadiri ya kura, mapengo hayo yalimpa Bwana Obama akiba ambayo Bibi Clinton, pamoja na ushindi wake katika majimbo makubwa, hakuweza kuifikia. Tarehe 3 Juni 2008 Bwana Obama alitimiza idadi ya wajumbe, na siku nne baadaye Bibi Clinton alisimamisha kampeni yake.

Wachunga wanapowafuata kondoo

Liko tukio moja katika mchujo ule ambalo viongozi wetu wa jumuiya wangelitafakari. Mbunge John Lewis wa Atlanta, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa miongoni mwa mashujaa wakubwa wa mapambano ya haki za weusi. Mnamo Machi 1965 alivunjwa fuvu la kichwa na askari katika daraja la mji wa Selma, akidai haki ya kupiga kura. Oktoba 2007 alimuunga mkono Bibi Clinton, rafiki yake wa miaka mingi. Lakini mwanzoni mwa Februari 2008 wananchi wa eneo lake la uchaguzi walimpa Bwana Obama kura kwa wingi mkubwa. Tarehe 27 Februari, Bwana Lewis alitangaza kwamba anahama, kwa kuwa hataki kusimama upande mwingine na watu anaowawakilisha.

Jambo hili lilikuwa gumu kwa mtu mwenye heshima kama yeye, lakini alilifanya. Alitambua kwamba kiongozi wa wachache hapewi kura zao kama mali yake ya kwenda nayo sokoni. Ni wangapi miongoni mwa wenye vyeo katika jumuiya zetu ambao, baada ya kumpa mkono mgombea fulani na kupokea ahadi zake, wangethubutu kurudi kwa watu wao na kukiri kuwa watu ndio walioona mbali?

Je, hii ilikuwa asabiya?

Mtu aweza kuuliza: ikiwa hatimaye weusi takriban wote walimfuata mweusi mwenzao, je, huo si ukabila? Na sisi twajua kwamba Mtume (S.A.W.) ameikataza asabiya, akaeleza, kama ilivyopokewa na Abu Daud, kwamba asabiya ni mtu kuwasaidia watu wake katika dhulma. Swali hili ni la haki na lastahili jibu.

Jibu la kwanza limo katika zile hesabu za Oktoba 2007. Rangi ya Bwana Obama ilikuwa ni ile ile mwezi Oktoba na mwezi Januari. Kilichobadilika ni ushahidi kwamba aweza kushinda, na namna upande wa pili ulivyosema. Jibu la pili ni kwamba hawakumdhulumu mtu. Kumpenda mtu wa kwenu si asabiya, bali asabiya ni kumtetea akiwa mwongo, au kumnyima mwingine haki yake kwa ajili yake. Jibu la tatu ni kwamba Bibi Shirley Chisholm alipowania mwaka 1972, weusi wengi hawakuona haya kuwapa kura zao wagombea wazungu walipohisi kuwa ndiko kwenye maslahi.

Wala wachache wote hawakuwa kitu kimoja. Wamarekani wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kusini walimpenda zaidi Bibi Clinton, na ndio waliomsaidia kushinda California tarehe 5 Februari. Mchujo ulipokwisha walihamia kwa Bwana Obama, wakampa Novemba kiasi cha thuluthi mbili za kura zao. Walishindana kisha wakapatana, na hakuna kijiji kilichochomwa moto.

Tulinganishe na yaliyotokea majuma hayo hayo nchini Kenya, alikotoka babake Bwana Obama. Wazungu wa Iowa walipokuwa wakimpigia kura mtoto wa Mjaluo, Kenya ilikuwa ikiwaka moto kufuatia uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, na zaidi ya watu 1,000 waliuawa kabla ya mapatano ya Februari 28. Huko ndiko asabiya ilikoonekana katika sura yake halisi, mtu akiulizwa jina la ukoo wake kabla ya kupigwa panga. Tofauti kati ya mapenzi ya kwenu na asabiya imo hapo.

Waislamu nyuma ya pazia

Sasa tuje kwa ndugu zetu Waislamu wa Marekani, maana nao walikuwamo katika mchujo ule, na habari yao inatia simanzi.

Mwaka 2000 muungano wa jumuiya zao ulimuunga mkono George W. Bush, kwa kuwa alizungumza katika mdahalo dhidi ya kuwashitaki watu kwa ushahidi wa siri, jambo lililowaumiza Waarabu na Waislamu. Waislamu weusi wengi hawakuridhika na uamuzi huo, wakaona kuwa ndugu zao wahamiaji wameamua bila kuwasikiliza. Kisha yakaja mashambulizi ya Septemba 2001, sheria ya Patriot, kamatakamata, na vita vya Iraq vya mwaka 2003. Kufika mwaka 2004 wengi walikuwa wamekihama chama cha Bwana Bush. Muumini si wa kuumwa mara mbili katika tundu moja, kama tulivyofundishwa na Mtume (S.A.W.).

Mwaka 2008 walimpenda Bwana Obama, aliyeipinga vita ya Iraq hadharani tangu Oktoba 2002, ilhali Bibi Clinton aliipigia kura Senetini. Lakini mapenzi yao yaligeuka mzigo. Uvumi ulikuwa umeenezwa kwamba yeye ni Muislamu wa siri. Februari 2008 ilisambazwa picha yake akiwa amevaa kilemba na shuka za Kisomali, iliyopigwa Wajir alipozuru Kenya mwaka 2006, kana kwamba mavazi ya heshima ya ndugu zetu wa Kaskazini Mashariki ni ushahidi wa jinai. Bwana Obama alijibu kwamba yeye ni Mkristo, na hiyo ni kweli. Lakini kwa muda mrefu hakusikika akisema kwamba hata angekuwa Muislamu pasingekuwa na aibu.

Mbunge wa kwanza Muislamu, Bwana Keith Ellison, alijitolea kumpigia debe katika msikiti mmoja wa Cedar Rapids, Iowa, Desemba 2007. Wasaidizi wa Bwana Obama walimwomba asiende, wakihofia maneno. Juni 2008 mjini Detroit, kina dada wawili waliovaa hijabu walizuiwa na wahudumu wa mkutano wasikae nyuma ya jukwaa, wasije wakaonekana katika picha. Bwana Obama aliwapigia simu kina dada hao na kuwaomba radhi, na hilo tunalikiri. Hata hivyo jumuiya kubwa za Waislamu ziliona heri zinyamaze, zisije zikamdhuru mgombea waliyemtaka kwa kumtaja. Yaani kura yao ilipendwa, sura yao ikafichwa.

Aliyesema lililostahiki kusemwa alitoka chama cha upinzani. Tarehe 19 Oktoba 2008 Jenerali Colin Powell, yule yule aliyeitetea vita ya Iraq mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 2003, aliuliza katika televisheni kuna ubaya gani mtu kuwa Muislamu katika nchi ile, akamtaja askari kijana Muislamu aliyeuawa Iraq na kuzikwa makaburi ya Arlington chini ya alama ya mwezi na nyota. Haki husemwa hata na tusiyemtarajia.

Michigan, miaka kumi na sita baadaye

Ndugu zetu hawakubaki nyuma ya pazia siku zote. Katika mchujo wa Michigan wa tarehe 27 Februari 2024, Waislamu na Waarabu wa Dearborn, pamoja na vijana wengi wa kila dini, walipinga sera ya Rais Joe Biden juu ya Gaza kwa kutumia nafasi iliyomo katika karatasi ya kura, ya kutokuwa upande wa mgombea yeyote. Waliofanya kampeni hiyo walitaja lengo la kura 10,000. Zilipatikana zaidi ya 100,000, yaani kiasi cha asilimia 13. Kwa jimbo ambalo mwaka 2016 lilishindwa kwa kura chini ya 11,000, hiyo ilikuwa sauti kubwa.

Lakini hapa tofauti na mwaka 2008 ijulikane. Watu weusi walipohama, walikuwa na pa kuhamia, nao walihama pamoja. Watu wa Michigan walihama kutoka, bila kukubaliana wahamie wapi. Chama hakikuwapa hata nafasi ya msemaji Mpalestina katika mkutano wake mkuu wa Agosti 2024. Ilipofika Novemba, kura za Dearborn ziligawanyika mafungu matatu: Bwana Donald Trump kiasi cha asilimia 42, Bibi Kamala Harris 36, na Bibi Jill Stein 18. Juni 2025 Rais Trump alipiga marufuku kuingia Marekani raia wa nchi kumi na mbili, zikiwamo Yemen, Somalia, Sudan na Libya, na Dearborn wapo wengi wenye asili ya Yemen.

Hatusemi kwamba walikosea kuikataa dhulma, maana kunyamaza mbele ya mauaji ya watoto si hekima. Twasema kwamba ghadhabu ya haki nayo yahitaji shura, na hatua ya kwanza ni nusu ya safari.

Tuchukue nini?

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, tuzifikishe amana kwa wanaozistahiki, na katika aya ya 135 tusimame imara na uadilifu tukitoa ushahidi kwa ajili Yake, ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu au jamaa zetu. Wanavyuoni wengi wa zama zetu wameifananisha kura na ushahidi. Ikiwa ni hivyo, basi haiuzwi kwa kanga wala kwa kilo ya sukari, hairithiwi kutoka kwa baba, na hatolewi mtu kwa sababu ya jina lake tu, liwe Juma au John.

La pili ni shura, ambayo Surat Ash-Shura, aya ya 38, imeitaja kuwa ni sifa ya waumini. Shura si wazee watatu kukutana na mgombea faraghani. Wale vijana wa South Carolina waliwafuata kina mama saluni, na sisi mara nyingi hatuwaulizi wake zetu na mabinti zetu, nao ndio wanaosimama kwenye foleni ya kura tangu alfajiri.

La tatu lawahusu wazazi. Watoto wetu husikia redioni na kuona katika simu jina la dini yao likitumiwa kama tusi la kisiasa. Tusiwaache walifasiri peke yao. Waambiwe kwamba kilemba cha Wajir na hijabu ya Detroit si vitu vya kuombewa radhi na aliyevivaa, na kwamba anayeitaka kura yao lakini hataki kuonekana nao ameitaka nusu ya utu wao tu.

Wachache hawana nguvu ya wingi, na hilo ni kadari ya hesabu. Wana nguvu ya kutaka ushahidi kabla ya kutoa imani, ya kusikia lugha wanayosemewa, na ya kuondoka pamoja pale wanapodharauliwa. Mwenye kuhesabiwa kuwa hana pa kwenda, aonyeshe kwamba miguu anayo.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutimiza amana, azilinde nchi zetu na fitina za asabiya, na awape faraja wanaodhulumiwa kila mahali. Amin.

Wabillahi tawfiq.